Injini iliyobembelezwa mno: kisa cha Corolla ya teksi Malindi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya mafundi na wenye magari wanaotaka kufungua injini au waliotoka kuifungua. Majina, namba ya gari na mtaa wa gereji vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyosomwa siku hiyo.

Usuli

Gari ni Toyota Corolla 110 ya gia za mkono, injini 5A-FE: petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 1,498, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Mafundi wa Pwani huifungua injini hii macho yakiwa yamefumba, na vipuri vyake havitafutwi mbali.

Mwenye gari ni mstaafu. Teksi ndiyo inayomlipia umeme na karo ya mjukuu, na haiendeshi mwenyewe. Ana dereva kijana anayezunguka baina ya hoteli za Casuarina, uwanja wa ndege na mjini, mara mojamoja akishuka Mombasa.

Ubaya ulianzia kwenye maji. Visima vingi vya Malindi maji yake yana chumvi, na kwa miaka rejeta ya gari hili ilijazwa kwa ndoo ya kisimani badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini yasiyoleta kutu. Ndani ikala kutu ikaziba. Siku moja mchana, kati ya Kilifi na Gede, mshale wa joto ulipanda. Dereva alikuwa na abiria wa kuwahi ndege, akajiambia atafika. Akaishia Gede. Hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilipinda, gasketi iliungua, na pistoni mbili zilikwaruza silinda hadi ukucha ulikuwa unakwama ukiupitisha ukutani.

Ujenzi wa injini

Gereji iliyofanya kazi ina fundi mkuu mtu mzima, mwenye mikono mizuri, na vijana wawili. Bloku ilipelekwa Mombasa ikachongwa kwa pistoni na ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zilizozidi ukubwa wa kawaida kwa milimita 0.50, hedi ikasawazishwa, na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikapimwa ikaonekana haina haja ya kuguswa. Beringi, sili za valvu, pampu ya oili, belti ya taimingi na rejeta viliwekwa vipya. Mianya ya ringi, yaani nafasi baina ya ncha zake mbili, ilipimwa kila moja ndani ya silinda yake kabla ya kuvalishwa pistoni, jambo ambalo gereji nyingi hulipita. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi alitoa plagi akazungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika, ili beringi zisianze kazi zikiwa kavu.

Nayataja haya makusudi. Baadaye lawama zilipoanza kurushwa, jibu la haraka lilikuwa kwamba injini ilifungwa vibaya. Haikufungwa vibaya. Iliharibikia katika kuzoeshwa, yaani jinsi ilivyoendeshwa mwanzoni baada ya kufungwa.

Maamuzi manne

Ndani ya siku ya kuwashwa yalifanyika maamuzi manne, kila moja likiwa na sababu inayoingia akilini.

La kwanza, themostati, kizibo kinachozuia maji yasizunguke hadi rejeta mpaka injini ipate joto, ilitolewa ikatupwa. Fundi alisema Malindi ni joto, injini imeshaungua mara moja, kwa nini tuweke kizuizi cha maji? Hii ni desturi ya gereji nyingi za Pwani, wala si ya fundi huyu peke yake.

La pili, injini iliachwa sailensa kuanzia asubuhi mpaka alasiri, ikinguruma pale pale uani bila kukanyagwa mafuta, "izoee yenyewe polepole."

La tatu, mwenye gari alinunua kwa mapenzi yake oili ya sinthetiki, ile ya bei. Fundi hakumkataza. Nani amkataze mteja anayetaka kutoa zaidi?

La nne lilikuwa agizo kwa dereva. Lilisemwa hivi, kwa jinsi dereva alivyonisimulia: "Injini mpya ni mtoto mchanga. Miezi mitatu usipite 50. Usibebe mzigo, usiifokee."

Dereva alitii, na utiifu wake ndio uliomaliza kazi. Alikataa safari za Mombasa. Alizunguka mjini gia ya pili na ya tatu nyuma ya tuktuk. Akifika hotelini kungoja wageni, aliliacha gari likinguruma na AC ikiwaka, pengine nusu saa nzima, kwa sababu mgeni akiingia kwenye gari la moto hulalamika. Katika wiki sita za mwanzo injini ile haikukanyagwa hata mara moja hadi ikatoa jasho.

Dalili

Moshi wa buluu ulianza kidogokidogo. Mwezi wa pili ulikuwa ukionekana mchana kweupe kila gari likiondoka kwenye tuta. Kijiti cha oili kilishuka, dereva akaongeza, kikashuka tena. Hesabu yake ilikuwa lita moja kwa kilomita 400 hivi. Mwenye gari alirudi gereji na maneno makali: "Fundi, gari lanywa oili kuliko lilivyokuja. Mimi nimelipa nini hapa?"

Fundi alisema ringi ni bandia. Mwenye duka la vipuri alisema ringi ni sawa, tatizo ni waliochonga silinda. Waliochonga walisema hawakuona gari. Hapo ndipo niliitwa nitazame, kwa kuwa sikuwa na upande.

Vipimo

Jambo la mwanzo lilikuwa kutenganisha ringi na sili za valvu, kwa maana zote mbili hutoa moshi wa rangi moja. Sili mbovu hujionyesha asubuhi: gari limelala, oili imedondoka usiku kupitia valvu, ukiwasha linatoa wingu moja kisha linasafika. Au hutoa moshi ukishuka mteremko mguu umeachia mafuta, kisha ukikanyaga. Gari hili asubuhi lilikuwa safi. Moshi ulikuja pale injini ilipovuta, na haukukatika. Bomba la kupumulia la injini lilikuwa likisukuma hewa yenye harufu ya moshi. Ukiweka kiganja unahisi pigo. Hiyo ni gesi ya mlipuko inayopita kando ya pistoni.

Kisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, injini ikiwa na joto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Silinda ya kwanza ilisoma PSI 150, ya pili 145, ya tatu 112, ya nne 148. Kwa injini za jamii hii, chini ya 140 ni dhaifu, na silinda zisipishane zaidi ya 15 hivi. Injini iliyotoka kuchongwa inatakiwa iwe juu ya 170.

Tukatia kijiko cha oili katika kila silinda tukapima tena. Oili huziba kwa muda mwanya ulio baina ya ringi na ukuta; haiwezi kuziba valvu. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilipanda hadi 175, na ya tatu ikapanda hadi 165. Basi valvu na gasketi ya hedi zilikuwa salama. Ringi hazikuwa zimekaa, yaani hazijashikana sawasawa na ukuta wa silinda.

Plagi nazo zilisema neno. Zilikuwa nyeusi na zimelowa, na kwenye silinda ya tatu utando wa oili ulikuwa umeganda mpaka kwenye uzi.

Tulichoamua na kwa nini

Njia zilikuwa tatu. Fundi alitaka kufungua injini hapo hapo, avalishe ringi nyingine kutoka duka lingine. Mwenye gari alishauriwa na jirani atie oili nzito na dawa ya chupa ya kuzuia moshi. Mimi niliona tuipe injini kazi iliyokuwa inanyimwa, kwa mpaka uliowekwa mbele: tukimaliza kilomita 500 za kuivutisha na kuna silinda iliyobaki chini ya 140, inafunguliwa bila mjadala.

Oili nzito ingepunguza moshi na kuacha ugonjwa. Kuifungua mara moja kungegharimu gasketi, ringi na siku za kazi, na kama sababu ni namna ya kuendesha, ringi mpya zingeharibika vilevile. Kuivutisha kuligharimu oili, filta, themostati na petroli. Isitoshe, silinda tatu kati ya nne zilikuwa hazijafa, zilikuwa zimechelewa.

Themostati ilirudishwa, ile inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kulanti ikatiwa. Oili ya sinthetiki ilimwagwa, ikaingia oili ya kawaida ya madini. Filta ya zamani ilikatwa kwa msumeno, karatasi yake ikakunjuliwa juani: chembe za chuma zilikuwa nyembamba na chache, hakuna vipande vya rangi ya shaba vya beringi. Kama ningeviona hivyo, safari ingefutwa.

Safari zilifanyika alfajiri, kuelekea kaskazini. Ukishavuka daraja la Sabaki, baina ya Mambrui na Gongoni na kuendelea hadi Marereni, barabara inafunguka, magari ni machache saa hizo, na vipande virefu havina matuta. Ndani walikaa watu wanne ili gari liwe na uzito. Kwanza kilomita kadhaa za kawaida mpaka mshale wa joto ukatulia mahali pake. Kisha gia ya nne, kutoka 50, mafuta yakikanyagwa robo tatu mpaka 80, halafu mguu unaachia kabisa bila kugusa kluchi, gari linajishikilia lenyewe kwa injini hadi linarudi 50. Kisha tena. Na tena. Baada ya kila mafungu machache, mwendo wa kawaida wa dakika chache ili joto lisambae. Hakuna kasi moja iliyoshikiliwa kwa muda mrefu, na hakuna kusimama kando ya barabara huku injini ikinguruma.

Dereva alikuwa na woga wa dhahiri. Mara ya kwanza nilipomwambia akanyage, alikanyaga kama anayekanyaga yai.

Matokeo

Moshi ulipungua mbele ya macho yetu katika asubuhi mbili za mwanzo, ukabaki kidogo. Kilomita 500 zilipotimia, vipimo vilisoma 176, 172, 124 na 178. Silinda tatu zilikuwa zimepona. Ya tatu ilipanda kidogo ikakwama.

Kwa mujibu wa makubaliano, hedi na sampu (bakuli la oili chini ya injini) vilifunguliwa, pistoni ya tatu ikatolewa. Ukuta wa silinda hiyo ulikuwa unang'aa kuanzia kimo cha ringi ya juu mpaka katikati, una rangi ya asali, na michirizi ya kusugulia, ile mikwaruzo midogo inayoachwa na mawe ya kusugua silinda, haikuonekana kabisa upande mmoja. Katika silinda nyingine tatu michirizi ilikuwa bado inakatana vizuri, imepungua makali tu. Fundi alisema mianya ya ringi ilikuwa imepangana mstari mmoja, gesi ikapata njia. Nilimwambia ringi huzunguka pistoni ikifanya kazi, kwa hivyo zinavyokutwa siku ya kufungua hazisemi kitu juu ya siku ya kufunga.

Hatukugusa zile tatu. Ringi iliyokwisha kuelewana na ukuta wake iachwe. Ukiitoa ukasugua, umerudi sifuri bila faida. Silinda ya tatu peke yake ilisuguliwa kwa mawe, mkono ukipanda na kushuka kwa mwendo wa kutoa michirizi ya nyuzi 45 hivi, krenki ikiwa imefunikwa vitambaa vilivyolowa oili. Kisha ikaoshwa kwa maji moto na sabuni. Kijana mmoja wa gereji alikuwa ameshaleta petroli kwenye kopo. Petroli huondoa oili na kuacha unga wa mawe umelala ndani ya michirizi, na unga ule ndio unaokula ringi. Tulifuta kwa vipande vya kanzu kuukuu nyeupe. Kipande cha kwanza kilitoka cha kijivu, cha pili vilevile. Tuliendelea na sabuni mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kisha ukuta ukapakwa oili mara moja, kwa sababu upepo wa bahari hauchukui muda kuotesha kutu juu ya chuma kitupu.

Ringi mpya kwa pistoni hiyo moja, gasketi mpya ya hedi, boliti zikakazwa kwa mpangilio wake kutoka katikati kwenda nje. Injini iliwashwa, ikakaguliwa uvujaji na joto, na kabla ya saa moja kupita ilikuwa barabarani ikivutishwa kama awali. Oili ilimwagwa baada ya safari ya kwanza, ikabadilishwa tena kwenye kilomita 500. Silinda ya tatu ilifika 172. Gari lilirudi kazini, na kutoka badiliko moja la oili hadi jingine dereva hakuongeza hata robo lita.

Uchambuzi

Kinachofanyika ndani ya silinda mpya si siri, lakini kinasimuliwa vibaya. Ukuta uliochongwa na kusuguliwa una vilele na mabonde madogo. Mabonde hushika oili. Vilele husagwa na ringi, na ringi nayo husagwa na vilele, mpaka vikakubaliana umbo. Kazi hiyo kubwa yake hufanyika saa za mwanzo. Vilele vikishaisha au vikishafunikwa, nafasi hairudi bila jiwe.

Ringi kwa mkazo wake yenyewe inasukuma ukuta kidogo tu. Nguvu hasa inatoka kwa gesi ya mlipuko, ambayo hupenya juu ya ringi, ikajaa nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni, na kuibana ukutani. Injini ikivuta mzigo, gesi ni nyingi na ringi inabanwa. Injini ikiwa sailensa, gesi ni haba. Ringi inateleza juu ya oili badala ya kuifagia, oili iliyobaki inachomwa pale pale na kuacha utando mgumu wa rangi ya asali. Utando ukishatanda, vilele vimezikwa. Ndiyo maana mchana mmoja wa kunguruma uani, ukifuatwa na wiki za kungojea wageni kwa AC, ulifanya kile ambacho mbio zisingefanya.

Upande wa pili, kuachia mafuta gari likiwa ndani ya gia, nao una kazi yake. Ombwe linalotokea ndani ya silinda huvuta oili kidogo kupanda ukutani, ikapoza ringi na kubeba chembe za chuma kuzishusha kwenye sampu. Mkanyago bila kuachia ni nusu ya zoezi.

Themostati ilichangia zaidi ya mtu anavyodhani. Injini isiyofikia joto lake, kompyuta ya sindano za petroli huihesabu kuwa bado baridi na kuendelea kuilisha petroli ya ziada. Petroli hiyo huosha oili ukutani na kuchanganyika na iliyo kwenye sampu. Hoja ya fundi kuhusu joto la Malindi ilikuwa na jibu lake tayari: rejeta mpya na kulanti. Themostati nzima haiunguzi injini. Iliyokwama ndiyo inayounguza, na huweza kujaribiwa ndani ya sufuria ya maji moto kabla ya kufungwa.

Kuhusu oili, sitaki kuvuka mpaka. Viwanda vingine hutoa magari yao yakiwa na sinthetiki tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kuta zao husuguliwa kwa ulaini ambao karakana zetu haziufikii. Kwa silinda iliyochongwa kwa mashine ya kawaida, utelezi ule wa ziada unachelewesha ringi. Peke yake usingeleta balaa hili. Ulikuja juu ya mengine.

Agizo la "usipite 50" lina asili ya kweli. Injini za zamani zilikuwa na mianya ya kubahatisha, na mbio za muda mrefu zilizikamata pistoni. Zipo pia zile ambazo kamu yake (mhimili unaofungua valvu) hukwaruza tapeti bapa, vikombe vinavyosukuma valvu, na hulishwa oili ya kurushwa na krenki. Hizo kamu ikiwa mpya hutakiwa zishikiliwe kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, mara tu zikiwaka, sailensa ni mwiko kwake. Nadhani desturi ya kuiacha injini ingurume uani ni hiyo iliyopotea njia: mtu aliona injini ikiwashwa muda mrefu, asione mguu uliokuwa kwenye mafuta.

Kilichofaa katika kisa hiki ni kuweka mpaka kabla ya kuanza safari za Marereni. Bila namba ya 140, mwenye gari aliyeona moshi umepungua angesema inatosha, na silinda ya tatu ingeendelea kula oili na kuchafua plagi. Kupima kabla ya kubishana nako kulifaa. Duka la vipuri, gereji na waliochonga walikuwa wametumia siku nyingi kwa maneno, na kijiko kimoja cha oili kikajibu.

Kilichobaki bila jibu kamili ni kwa nini silinda moja tu haikupona. Sababu ninayoiegemea ni usuguaji usio sawa tangu Mombasa: upande uliokosa michirizi ulikuwa mmoja, na utando peke yake ungetanda pande zote. Fundi bado anashikilia ringi ya silinda hiyo ilikuwa na kasoro. Alizihifadhi ringi zile kwenye kopo, nami nilizipima mwanya nikaukuta ndani ya kiwango.

Gharama ziligawanywa. Mwenye gari alilipia ringi, gasketi na oili. Gereji haikudai ujira wa kufungua mara ya pili. Dereva alirudishiwa safari za Mombasa, kwa sharti kwamba akingoja wageni hotelini azime injini, na mgeni akilalamikia joto afunguliwe vioo.